Mgeni katika Hospitali za London

Katika njia ya Whitechapel, mashariki ya London, mtu atokaye msikitini hufika upesi Hospitali ya Royal London, iliyoasisiwa mwaka 1740. Kijana wetu aliyekwenda kusoma huko kwa viza ndefu amekwisha kulipa ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Basi humo hutibiwa kama mwenyeji. Ajabu ni kuwa wengi hungoja homa iwalaze ndipo wamtafute daktari wa mtaa, ilhali kujiandikisha kwake ni bure. Na binti aweza kuomba daktari mwanamke, asione haya.

Lakini mama atokaye Tanga au Mombasa kumzuru mwanawe miezi michache hana haki hiyo. Chumba cha dharura humtazama bure. Akilazwa, huandikiwa deni la mara moja na nusu ya gharama. Heri bima ikatwe kabla ya tikiti.