Baada ya Upasuaji, Sehemu ya 4: Paja, mshipa, mgongo au kidonge?

Nimetoka shifti sasa hivi, miguu imevimba, ila niliahidi, na inboksi imejaa swali moja: "Sista, mbona mwenzangu alichomwa sindano na mimi nikapewa vidonge tu?"

Nianze na mimi. Nilitolewa uvimbe kwenye kizazi nikiwa nesi tayari. Nikaandikiwa pethidini ya msuli kila baada ya saa 8. Ya kwanza ilichukua karibu nusu saa kushika, nikalala vizuri, na baada ya saa 3 maumivu yakarudi yote. Nikikohoa nahisi nyuzi zinaachia. Mimi niliyekuwa nawaambia wagonjwa "subiri muda wa dawa ufike" nikawa nahesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Pethidini ya msuli hukaa saa 2 hadi 4 hivi. Sasa kila saa 8, hizo nyingine unafanya nini? Unajikaza.

Morfini ya kwenye mshipa inashika ndani ya dakika chache, lakini inataka uangalizi wa karibu, maana dawa za jamii hii zinaweza kupunguza kupumua. Hospitali zenye vifaa zina pampu yenye kitufe, unabonyeza mwenyewe na mashine inakataa ukizidisha. Ndugu, tafadhali, msimbonyezee! Mgonjwa akisinzia habonyezi, na huo ndio ulinzi wake.

Ukichomwa ganzi ya mgongo, daktari wa usingizi anaweza kuongeza humo morfini kidogo sana, hata mikrogramu 100, ikakushika saa 12 na zaidi. Utajikuna pua na uso, labda utapike, tuambie. Na ukiona tunakuja usiku kucha kuhesabu pumzi zako, usichukie.

Vidonge mnavidharau bure. Ukishaweza kunywa uji bila kutapika vinatosha wengi, mradi uvimeze kwa saa yake, usingoje mpaka ulie. Ila kama unanyonyesha, sema mapema. Tramadoli na kodeini hupita kwenye maziwa, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanaonyonyesha wasizitumie. Ukiwa umetumia, mtoto akalala kupita kawaida, akashindwa kunyonya au akapumua kwa shida, kimbia hospitali, usingoje asubuhi.

Leo kuna mama alitolewa kizazi jana. Kila nikipita: "Niko sawa sista." Mkwe wake amekaa pembeni anamsifu kwa uvumilivu. Nikamwambia, mama, hebu kohoa kidogo. Akashika tumbo, machozi yakatoka, hakukohoa. Na asipokohoa, makohozi yanakaa kifuani, ndiyo mwanzo wa nimonia. Nikampigia daktari, akaandika morfini ya mshipa. Nikavuta kiti nikakaa naye, naangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Baada ya muda akaniuliza kama anaweza kugeuka upande.

Kesho sehemu ya 5: lini unaruhusiwa kubeba ndoo ya maji.