Kadi ya Yatima

Mali anayoiacha marehemu si kiwanja na ng'ombe peke yake. Siku hizi imo pia ndani ya vipande vidogo kuliko ukucha, na wasii aliyekabidhiwa watoto hana budi kujua namna ya kuvishika. Nayaandika haya baada ya kushughulikia kifaa cha gemu cha mkononi, PSP ya Sony, alichoachiwa mtoto wa kaka yangu hapa kwetu Buswelu.

Kaka alikinunua kikiwa kimekwisha kutumika, na programu yake ya ndani ilikwisha kubadilishwa ili kicheze gemu zilizonakiliwa kwenye kadi bila ya diski. Kadi yenyewe, ya GB 4, ilijaa pomoni na kuanza kugoma kusomeka. Mtoto, mwenye miaka 11, aliniomba jambo moja: “Baba mdogo, nyingine zikipotea si neno, lakini timu ya baba isipotee.” Marehemu na mwanawe waliiendesha timu hiyo ya mpira msimu baada ya msimu, na wachezaji walipewa majina ya jamaa zetu. Mimi ni golikipa, tena wa akiba.

Kazi yenyewe inataka subira tu. PSP hutumia kadi za Sony, ambazo ni adimu madukani. Lakini kipo kiunganishi kidogo kinachopokea kadi ya kawaida ya simu. Ya GB 32 inatosha. Za GB 64 na kuendelea huuzwa zikiwa katika mfumo wa exFAT, ambao PSP haiusomi. Yenyewe hutaka FAT32. Kisha zipo kadi bandia, zinazojitangaza kubwa na ndani hazifiki hata robo: zikishajaa, kinachoongezwa hupotea kimyakimya. Kwa hiyo kadi niliyoinunua Makoroboi niliijaribu kwanza kwa programu inayoijaza yote na kuisoma tena, ndipo nikaifomati ndani ya kifaa chenyewe. Data nilizinakili kwenye kompyuta, sikuzikata. Na kompyuta ilipouliza kama iifomati kadi ya zamani, nilikataa. Kadi inayougua huletewa swali hilo, na anayejibu ndiyo huhatarisha kila kilichomo.

Kumbukumbu za mchezaji hukaa katika folda iitwayo SAVEDATA. Gemu zilizonakiliwa hukaa katika ISO. Hapo ndipo suala la fiqhi lilipojitokeza. Timu ile ni kazi ya mikono ya marehemu, nayo sasa ni ya yatima, na Sura An-Nisaa imetuonya vikali juu ya mali yake. Lakini gemu zile ni jasho la watu wengine. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Sheria ya hakimiliki ya nchi yetu ya mwaka 1999 nayo inazilinda. Wapo wanaosema kampuni tajiri haitahisi. Hoja hiyo sikukutana nayo katika kitabu chochote nilichosomeshwa chuoni. Mwenye ng'ombe mia naye huibiwa.

Basi nilihamisha SAVEDATA, nikaacha ISO. Taabu ni kwamba kumbukumbu haifunguki bila ya gemu yake. Mtoto alilia, na mama yake alinieleza waziwazi kuwa nimekuwa mgumu. Huenda. Lakini jina la folda huanza na msimbo wa gemu, herufi nne na tarakimu tano, na msimbo huohuo huandikwa kwenye diski halisi, ambayo PSP bado inaweza kuisoma. Rafiki yangu anaitafuta Kariakoo. Moja imepatikana, ila ni toleo la Marekani, lenye ULUS. Yetu ni ya Ulaya, ULES. Kadi ya zamani imo katika bahasha pamoja na cheti cha kifo na hati za kiwanja, mtoto ameandika jina lake juu, na kila tukitoka swala ya Ijumaa huniuliza kama Dar es Salaam wamejibu.