Ngome za Mababu: Kutoka Nyamache hadi Thimlich Ohinga

Msomaji mpenzi, likitajwa neno ngome, bila shaka mawazo yako hukimbilia Ngome ya Yesu kule Mombasa, au yale makasri ya Ufaransa yanayopamba kalenda za ukutani. Lakini je, wajua kwamba hata milima ya Nyamache, huko Bobasi katika Kaunti ya Kisii, ilikuwa na ngome zake?

Ukifika Nyamache leo utalakiwa na majani ya chai, migomba na nyumba za mabati zilizosongamana hadi vileleni. Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hata yakawa vipande vidogo. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Sehemu kubwa ilikuwa malisho, na mali ya mtu ilikuwa ng'ombe. Nchi ya Wamaasai ya Transmara haiko mbali, na enzi hizo majirani walikuwa wakinyang'anyana mifugo.

Ndipo Abagusii wakawa na egesarate. Hii ilikuwa kambi ya ng'ombe iliyozungushiwa ua madhubuti, ambamo vijana walilala na silaha zao wakilinda mifugo, huku akina mama na watoto wadogo wakibaki katika miji yao. Kila mke alikuwa na nyumba yake ya msonge, kuta za fito na udongo, paa la nyasi.

Waingereza waliishambulia Gusii mwaka wa 1905 na tena 1908. Muda si muda, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ilipiga marufuku ebisarate hizo, kwani haikutaka vikosi vya vijana wenye mikuki. Na kwa kuwa ua ulikuwa wa miti, mchwa na mvua vilimaliza kazi iliyobaki.

Basi kama unataka kuona ngome ya kale iliyosimama, itakubidi usafiri kidogo. Kutoka Nyamache nenda hadi mjini Kisii, ushike barabara ya Rongo hadi Migori. Kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi mwa Migori, utafika Thimlich Ohinga.

Hapo utajionea maajabu! Kuta za mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Siri ni hii: mafundi walipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakajaza madogo katikati. Kuta zenyewe zimepindapinda ili zisianguke. Malango ni membamba na mafupi, hivi kwamba adui alilazimika kuinama, na anayeinama mbele ya mwenye rungu amekwisha.

Wataalamu wanakadiria kwamba ujenzi ulianza katika karne ya 16. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Jamii mbalimbali, Wabantu na Waluo, zilipokezana mahali hapo kwa karne nyingi; waliofika wakarekebisha kuta walizozikuta. Karne ya 20 ilipoleta utawala mpya, wakazi walihama, na watu wa sehemu hizo wakazungushia miji yao ua wa miti badala ya mawe.

Kule Ufaransa nako ngome zilibadilika. Nyingi zilianza kama minara ya mbao juu ya vilima vya udongo, kisha zikawa za mawe. Huko Langeais, masalio ya mnara wa mawe wa karne ya 10 yangali yamesimama nyuma ya kasri la Mfalme Louis XI la karne ya 15. Tofauti ni kwamba vita vilipopungua, matajiri wao walipanua madirisha na kuendelea kukaa humo. Sisi tulihama.

Thimlich Ohinga ilitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Hata hivyo, jiwe lisiloshikwa na saruji huangushwa na mzizi mmoja tu, au na mtoto anayepanda ukutani ili apigwe picha. Ukiwapeleka wanao, waonye mapema.

Egesarate nayo haina ukuta wa kuangushwa. Iliyobaki imo vichwani mwa wazee, na wazee hawatungoji. Kwa hivyo, mwanafunzi uliye mjini, utakapokwenda nyumbani likizo ijayo, muulize babu au nyanya yako ng'ombe wa ukoo wenu walilala wapi, na ni nani aliyewalinda. Kisha uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ni mali.