Ziwa Lilinihamisha, Ziwa Likanilisha

Sisi watoto wa Bondeni, Nakuru, tulikua na ziwa tusiloruhusiwa kuligusa. Ukisimama upande wa chini wa mtaa ukatazama kusini, kupita mapaa ya mitaa ya Flamingo na Lake View, Ziwa Nakuru lile pale, na miaka ya heroe wengi ukingo wake ulikuwa wa waridi mtupu. Lakini katikati kuna ua wa umeme wa mbuga, na ng'ambo ya ua kuna nyati na vifaru. Kuingia ni kwa tiketi. Mama yangu aliuza viazi karai karibu na msikiti, na hakuona sababu ya kulipia watoto wakatazame maji ya magadi yasiyonyweka. Kwa hiyo nilifika umri wa kuitwa mama fulani bila kujua kuogelea, na bila kukanyaga hata mtumbwi.

Naivasha nilifuata kazi ya maua. Nilipanga waridi kwa urefu wa mashina, zikafungwa, zikapakiwa kwenye lori la baridi kwenda uwanja wa ndege Nairobi. Chumba nilipanga Kihoto kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na ilikuwa nafuu kwa sababu ziwa lilikuwa karibu. Wakati ule sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nani huunganisha, akishapata chumba chenye umeme?

Machi 2020 ndiyo iliyonivunja. Tarehe 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na siku zizo hizo, kule Aalsmeer, Uholanzi, kwenye mnada mkubwa wa maua, maua yalikosa mnunuzi yakamwagwa kama takataka. Waridi likimwagwa Uholanzi, mtu analala njaa Naivasha. Tulikusanywa nje ya banda tukaambiwa tuende likizo bila malipo mpaka tuitwe. Maelfu yetu, mashamba kwa mashamba. Mimi sikuitwa tena.

Kisha maji. Mvua zilikuwa zimenyesha kwa nguvu tangu mwaka uliotangulia, na maziwa yote ya Bonde la Ufa yalikuwa yakipanda pamoja: Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha. Baringo lilimeza hoteli na barabara. Pale Kihoto watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema chini ya ziwa kuna tundu la kutolea maji na limeziba. Msiwacheke sana: Naivasha halina mto unaotoka, na maji yake hubaki matamu kwa sababu mengine hupenya ardhini yakaenda zake.

Yalikuja bila kelele. Kwanza vyoo vilijaa, halafu ua, halafu siku moja asubuhi niliteremsha mguu kitandani nikakanyaga ubaridi. Usiku viboko walipita katikati ya nyumba wakila majani. Kafyu ilitufungia ndani saa moja jioni, viboko hawakuwa na kafyu. Nilimpeleka mwanangu Bondeni kwa bibi yake. Mama alinishika mkono akasema, "Baki, mwanangu. Viazi haviishi kuliwa." Nikarudi Naivasha hata hivyo. Nilidaiwa kodi ya chumba kilichojaa maji, na vyombo vyangu vilikuwa juu ya meza, na meza yenyewe majini.

Siku niliyokwenda kuvitoa ndipo nilipomkuta mzee mmoja mvuvi, Mjaluo, akihamisha watu kwa boti la mbao kati ya nyumba. Kijana wake wa kusaidia alikuwa ameondoka. Nilimwambia, "Mzee, nipe kasia. Nitavusha vitu vyangu, halafu nitavusha vya wengine."

Alinitazama. "Wewe ni wa wapi?"

"Nakuru. Bondeni."

"Nyar Nakuru," akaniita, yaani binti wa Nakuru, "unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Vizuri," akasema. "Asiyejua kuogelea hasimamisimami kwenye boti."

Basi nikawa mpiga kasia kwenye mtaa niliokuwa nikitembea kwa viatu. Tulibeba magodoro, mitungi ya gesi, mbuzi, kabati la bi harusi aliyelia njia nzima. Mahali pa kina kifupi tulisukuma kwa mti mrefu, kina kikizidi tukakaa na kupiga kasia. Malipo yalikuja kwa M-Pesa au kwa sarafu, na mara nyingine kwa unga. Wanaume waliosimama juu ya mapaa waliniuliza kama nimekosa jiko la kupikia. Niliwajibu kwamba jiko liko humu botini, shuka ulitafute.

Lakini nisijifanye simba. Siku moja tulikuwa tukipita kando ya mafunjo, mzee akaona mstari wa mapovu ukitujia. Akasema polepole, bila kugeuka, "Acha kasia." Nikaacha. Akaanza kugonga ubavu wa boti kwa kiganja, ko, ko, ko, ili mnyama ajue tulipo asije akaibuka chini yetu. Alikuwa ameshanifundisha kwamba kiboko mchana hupenda maji mafupi karibu na mafunjo, na kwamba kosa kubwa ni kumzibia njia ya kwenda kwenye kina. Tulikuwa tumemzibia. Mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hilihili, na kila mtu pale aliijua habari ile. Nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa. Mapovu yalifika, yakapita chini ya miguu yangu, yakaendelea. Nilikuwa nimelowa, na si kwa maji ya ziwa. Mzee aliona, akatazama pembeni, hajalitaja hadi leo.

Usiku ule niliwaza kurudi kwenye viazi. Asubuhi nilirudi botini kwa sababu moja tu: pesa za jana zilikuwa zimeshatumwa Bondeni, na leo hakukuwa na kitu.

Ndege za nje zilipofunguliwa tena Agosti, wageni wakaanza kurudi mmojammoja, na mzee akanihamishia kazi ya kutembeza watu. Nilijifunza kupiga mluzi wa kumwita furukombe, na kumtia samaki kipande cha funjo tumboni ili aelee, ndege ashuke amchukue mbele ya kamera. Nilijifunza kuogelea pia, kwenye dimbwi la hoteli lisilokuwa na wageni, kwa huruma ya mfanyakazi wa pale.

Miongoni mwa wageni hao walikuja mume na mke kutoka Norwe, na kayaki mbili za kukunja ndani ya mabegi. Hawakutaka injini. Waliniomba niwatangulie kwa kasia niwaonyeshe walipo viboko, na tukazunguka hivyo upande wa Kisiwa cha Crescent kabla upepo wa mchana haujaamka. Kwao, waliniambia, watu hufunga safari za siku nyingi namna hii, wakipita kati ya visiwa vya Lofoten, kaskazini kabisa, ambako kiangazi jua halitui na maji ni baridi ya kuua hata mwogeleaji hodari. Yule mke aliniketisha kwenye kayaki yake. Nilivuta kwa mikono kama nilivyozoea. Akanigusa kiunoni: nguvu itoke hapa, mikono ifuate tu.

Nilicheka kwa sauti. Hilo mtoto wa Bondeni hahitaji kufundishwa. Nakuru ni mji wa ngumi, mji wa Philip Waruinge aliyeleta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972, na makocha wa mtaani tulikuwa tukiwasikia kila jioni wakifoka: ngumi ni kiuno! Nikazungusha kiuno, chombo kikaruka mbele.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni jambo jingine. Nilimwuliza mumewe huwa wanalipa nani wakitaka kutua ufukweni. Akashangaa. Norwe ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita na kutua kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, na kupiga hema, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Nilimtazama kama anayesimulia hekaya. Naivasha limezungukwa na mashamba na hoteli. Mahali pa mwananchi kufika majini unaweza kupahesabu kwa vidole, Karagita, Kamere na pengine pachache. Mimi na mzee tuliwahi kufukuzwa na walinzi kwa kuegesha boti ili mgonjwa ashuke. Watu hudhani taabu yangu ilikuwa viboko. Kiboko ukimjua unamkwepa. Taabu ilikuwa pa kukanyaga: huwezi kufanya kazi ya ziwa bila bichi, bichi ina kikundi chake, na kikundi kilikuwa hakijawahi kuandika jina la mwanamke kama mwendesha boti.

Waliniandika baada ya mzee kukataa kutia boti lake majini mpaka waniandike. Aligoma wiki ya Krismasi, wageni wamejaa. Sina maneno ya kumshukuru, na yeye hapendi maneno. Humnunulia tumbaku.

Mwaka 2025 maji yalirudi Kihoto, mabaya kuliko mara ya kwanza, na watu kwa maelfu wakahama. Safari hii nilikuwa na boti ninalolilipia kwa chama, na mwanangu amekuwa mrefu kiasi cha kushika mti wa kusukumia. Tulivusha wazee na wagonjwa bure, wenye sofa wakalipa. Mama alipiga simu kutoka Bondeni kuuliza kama bado sijachoka. Nilimwambia nimechoka, na kwamba kuna wageni wa kayaki wanaokuja Jumamosi, wafike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana ikipita saa sita na upepo umeanza, sitoki na mtu.