Sauti Iliyokosa Mlango Wake

Mtu akirithi shamba hujua la kufanya, kwa maana jembe ni lile lile la wazee wake. Lakini mtu arithiye mashine ya santuri huenda akakuta amerithi kitendawili.

Ndivyo yalivyomfika mwalimu mmoja wa Nakuru. Baba yake alipofariki alimwachia mashine ya santuri iliyonunuliwa katika miaka ya 1970, pamoja na sanduku la santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikiwa zimetolewa Nairobi katika miaka ya 1960. Mwalimu mwenyewe alikuwa na amplifaya mpya na spika mbili nzuri. Mama yake, aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, alipokuja kumtembelea aliomba jambo moja tu: asikie tena wimbo uliochezwa siku ya arusi yake mwaka wa 1964.

Mwalimu akatia sindano mpya, akachomeka nyaya za mashine nyuma ya amplifaya katika matundu yaliyoandikwa AUX, akaweka santuri. Sauti iliyotoka ilikuwa hafifu na nyembamba kama ya mbu, haina besi hata kidogo. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, wala haikufaa. Mama akasogeza sikio karibu na spika, kisha akasema kwa upole, "Usijisumbue, mwanangu. Nadhani masikio yangu ndiyo yaliyozeeka."

Neno hilo lilimchoma mwalimu. Kesho yake asubuhi akaenda kwa fundi wa redio.

"Mwalimu," fundi akamwambia, "santuri zako ni nzima, na masikio ya mama ni mazima. Umepita mlango usio wake."

Yafaa ifahamike kwamba sindano ipitapo katika mfereji wa santuri hutikisika, na mtikisiko huo husogeza sumaku ndogo sana iliyo karibu na koili za waya. Hapo ndipo umeme wa sauti huzaliwa. Umeme huo ni mdogo ajabu, kwa kawaida kama milivolti 3 hadi 6, na milivolti moja ni sehemu moja tu ya elfu ya volti. Tundu la AUX hutazamia umeme wenye nguvu kuushinda huo mara nyingi, kama ule utokao katika redio.

Tena liko jambo la pili. Watengenezaji wa santuri hupunguza sauti nzito na kuzidisha sauti nyembamba wakati wa kuchonga mifereji. Sauti nzito isipopunguzwa, mfereji hutanuka mno, na santuri haitoshi kubeba wimbo mrefu. Na sauti nyembamba huzidishwa ili, zikirudishwa chini wakati wa kupiga, mchakacho wa santuri nao ushuke pamoja nazo. Kanuni ya mpango huo, iitwayo RIAA, iliwekwa Marekani mwaka wa 1954, kisha ikaenea duniani.

Kwa hiyo panatakiwa chombo cha kufanya kazi mbili: kuukuza ule umeme mdogo kama mara mia, na kuzirudisha sauti katika kipimo chake cha asili. Chombo hicho ndicho priampu ya santuri. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho tumboni, nyuma ya matundu yaliyoandikwa PHONO. Santuri za CD zilipoenea tangu miaka ya 1980, watengenezaji wengi wakaacha kukitia.

Mwalimu akanunua priampu, akaiunga nyumbani. Mara hii sauti ikaja yenye nguvu, lakini pamoja nayo ukaja mvumo mzito kama wa nyuki mzingani. Akakumbuka ule waya mwembamba wa mashine aliouacha ukining'inia, akidhani hauna kazi. Huo ndio waya wa ardhi. Akazima umeme, akaufunga penye skrubu ya priampu iliyoandikwa GND, na mvumo ukanyamaza.

Basi mwenye kutaka kuunga mashine yake na ashike utaratibu huu. Kwanza azime umeme na kushusha sauti. Plagi nyekundu ni ya kulia, nyeupe ni ya kushoto. Nyaya za mashine ziingie katika priampu, na waya wa ardhi ufungwe hapo hapo. Zitokazo katika priampu ziingie katika AUX, kamwe zisiingie katika PHONO, kwa maana sauti ikikuzwa mara mbili hukwaruza vibaya. Na mashine ikiwa na priampu yake ndani, ile ya nje haitakiwi.

Jioni ile mwalimu aliweka tena santuri ya arusi. Mama hakusogea karibu na spika. Alikaa mahali pake kimya mpaka ubeti wa pili, kisha akasema, "Punguza kidogo, mwanangu. Majirani watatulaumu."

Wako wengi waliokwisha kuuza santuri za wazee wao kwa bei ya takataka, wakidhani zimekufa. Kuuliza si ujinga. Na aulize kwanza yeye ambaye bado anazo.