Mlango na Nyumba

Ardhi haina shimo. Neno hili napenda kulitanguliza, kwa sababu mtu akisikia kwamba hewa ukaa yaweza kuzikwa chini ya bahari, upesi hufikiria pango kubwa lililo tupu. Sivyo. Huko chini mna miamba ya mchanga, yaani chembe zilizogandamana kwa mamilioni ya miaka, na katikati ya chembe hizo mna vijitundu vilivyojaa maji ya chumvi. Hewa ukaa ikisukumwa kwa nguvu hupenya humo na kuyasogeza maji hayo. Basi tusiulize ukubwa wa nyumba tu. Tuulize na upana wa mlango.

Mimi si mhandisi. Lakini jambo hili lanihusu, kama linavyokuhusu wewe msomaji, maana hewa ambayo mwamba umeikataa huishia angani, na anga ni letu sote. Ndiyo maana nimezifuatilia kwa hamu habari za sehemu mbili za Norwei.

Ya kwanza ni Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Tangu 1996 hewa ukaa inayotenganishwa na gesi asilia imekuwa ikisukumwa katika mwamba wa Utsira, na kwa miaka mingi mwamba ule ulipokea karibu tani milioni moja kila mwaka bila kunung'unika. Mchanga wake ni mlegevu, nao umeenea mbali sana.

Ya pili ni Snøhvit, katika Bahari ya Barents. Huko kazi ilianza mwaka 2008, katika mwamba uitwao Tubåen, ulio kiasi cha mita 2,600 chini. Haukupita muda mrefu, shinikizo la kisima likapanda kuliko ilivyotarajiwa. Wahandisi wakashuku chumvi.

Kwa mtu wa pwani jambo hili si geni. Nimesimama mara nyingi kando ya mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, nikatazama jua likinywa maji na kuacha weupe. Hewa ukaa iliyokaushwa hufanya kazi ile ile ya jua, ila gizani. Ipitapo karibu na kisima huyanywa maji yaliyobaki kati ya chembe, na chumvi hubaki. Tena mwamba unaokauka huvuta maji mengine kutoka pembeni, kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, nayo yakifika hukauka vilevile. Haba na haba hujaza kibaba. Wala haihitajiki chumvi nyingi: ikinasa penye koo jembamba la kijitundu, njia imefungwa, hata kama nyuma yake nafasi ni tele.

Wakapitisha mchanganyiko wa glaikoli ili kuondoa chumvi, kisima kikapata nafuu. Laiti mambo yangeishia hapo! Shinikizo liliendelea kupanda, safari hii polepole. Walipopima zaidi walitambua kwamba ugonjwa wa pili haukuwa mlangoni. Sehemu za mchanga mzuri hazikuunganika vya kutosha, na maji ya chumvi hayakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2011, kabla shinikizo halijafikia kiwango cha kuupasua mwamba, waliiacha Tubåen, iliyokuwa imekwisha kupokea tani milioni moja hivi, wakahamia mwamba wa Stø ulio juu yake.

Yako na maradhi mengine. Katika miamba mingi ya mchanga mna chembe za udongo wa mfinyanzi zilizoshikamana na kuta za vijitundu. Mkondo ukiwa mkali hubanduka, zikasafiri na kukwama mbele kama takataka katika mfereji. Hata dawa yaweza kudhuru: maji yasiyo na chumvi huyeyusha chumvi, lakini aina nyingine za udongo zikikutana nayo huvimba au kubanduka.

Ninachojifunza hapa ni kwamba dalili yaweza kuwa moja na maradhi yakawa mengi. Shinikizo limepanda: je, ni chumvi, ni udongo, au ni nyumba yenyewe iliyo ndogo? Anayeosha mlango wa nyumba iliyokwisha kujaa anapoteza muda; anayeihama nyumba kubwa kwa sababu ya chumvi ya mlangoni anapoteza mali. Kupima tu ndiko kunakotenganisha haya, na kupima kunahitaji saburi.

Siku hizi serikali na makampuni hutuahidi kuzika mamilioni ya tani. Ahadi hizo sizidharau, maana Sleipner imeonyesha kwamba kazi yawezekana. Ila naomba kila ahadi ya tani ije pamoja na taarifa ya shinikizo, mwaka kwa mwaka, hata ikiwa ni habari mbaya. Waliofanya kazi Snøhvit walieleza waziwazi yaliyowapata, na wengine wakajifunza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayatamuumbua mwenye kisima peke yake.