Jina la Mganga, Jasho la Miwa: Safari ya Soka Nyanza Kusini

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Kisii kwa matatu ukielekea mpaka wa Tanzania kule Isebania, migomba huanza kukupa kisogo pindi tu unapoipita Rongo. Mbele yako sasa ni miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, hadi macho yanapokoma. Trekta zinakokota matrela yaliyosheheni, na nyuma yake watoto wanakimbia wakichomoa vipande vya kutafuna. Kabla hujauona mji, pua yako imekwisha kukuarifu kuwa umekaribia, kwa maana harufu ya molasi haijifichi. Hapo ndipo Awendo, Kaunti ya Migori.

Abiria wengi hawashuki hapa. Wengine wanakwenda mjini Migori kufanya biashara, wengine Isebania kuvuka ng'ambo. Lakini mpenzi wa kabumbu ana sababu nzuri ya kumwomba utingo agonge bodi asimamishe gari. Mji huu mdogo wa wakulima wa miwa uliwahi kuitwaa Ligi Kuu ya Kenya huku Nairobi na Mombasa zikitazama. Na mwendo mfupi kutoka hapa, upande wa Homa Bay, ndiko lilikotoka jina linalotajwa zaidi katika soka ya nchi hii.

Klabu hizo mbili, SoNy Sugar na Gor Mahia, ni kama ndugu waliolelewa katika nyumba mbili tofauti. Mmoja alilelewa na kiwanda, mwingine akalelewa na umma. Anayetaka kujua kwa nini timu huzaliwa, hung'ara na hufa, hana haja ya kwenda mbali. Nauli ya siku moja katika sehemu hii ya nchi yatosha.

Timu ya kiwanda

Herufi za SoNy ni kifupi cha South Nyanza, yaani Nyanza Kusini. Zamani Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja yenye jina hilo, na makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Wilaya ile ilikwisha kugawanywa, na tangu mwaka 2013 hizi ni kaunti mbili kila moja na gavana wake. Jina la zamani lilibaki kwenye mifuko ya sukari na kwenye jezi za wanasoka.

Kiwanda chenyewe kilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ilipokuwa ikijitahidi nchi ijitosheleze kwa sukari. Muwa hauna haraka shambani, kwani huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa, lakini ukishakatwa haungoji. Usipofikishwa kwenye mashine mapema, utamu wake unapungua na mkulima anapata hasara. Kwa hiyo maisha yote ya Awendo yalizunguka ile bomba ya moshi: mkulima, dereva wa trekta, mama mboga, mwenye duka na mwalimu. Kiwanda kikisaga, mji unakula. Kikizima, mji unafunga mkanda.

Na palipo na wafanyakazi wengi pamoja, mpira haukosi. Kiwanda kikawa na timu, timu ikawa na uwanja wake, Green Stadium, na vijana wakawa na ndoto. Kwa kijana wa kijijini, kuichezea SoNy hakukuwa kukimbiza gozi tu. Kulikuwa na matumaini ya mshahara, na pengine kazi baada ya miguu kuchoka. Katika ukanda wa sukari, Mumias na Chemelil nao walikuwa na timu za aina hiyo, na mchuano baina yao ulikuwa wa kukata na shoka.

Mwaka 2006 chanda chema kikavikwa pete. SoNy Sugar ikawapiku vigogo wote na kutawazwa bingwa wa Kenya kwa mara ya kwanza. Yakumbuke mazingira ya wakati ule. Gor Mahia, waliozoea kombe kama mtu alivyozoea chai ya asubuhi, walikuwa wamelikosa tangu mwaka 1995. Kombe likaenda kupumzika katikati ya mashamba ya miwa. Awendo hajapata kuwa na furaha kama ile, wala haijarudi tena tangu hapo.

Mtegemea cha nduguye

Lakini wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Timu ya kiwanda hula kutoka sufuria ya kiwanda. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 viwanda vya watu binafsi vilifunguliwa Transmara na Ndhiwa, na vyote vikaanza kugombea miwa ile ile. Sukari ya bei nafuu kutoka nje nayo ikawabana wenyeji. Madeni yakarundikana, na wakulima wakawa wanangoja malipo yao miezi na miezi. Katika hali kama hiyo, nani atathubutu kumwambia mkulima asiyelipwa kwamba fedha zimekwenda kununua viatu vya mpira?

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 2019. Kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mfadhili wa ligi, ilifunga virago baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi. Klabu zilizokuwa zikijikongoja zikabaki mikono mitupu. Kanuni za ligi zilikuwa wazi kwamba timu inayokosa kufika uwanjani mara tatu hufukuzwa. SoNy Sugar wakashindwa kusafiri, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwezi Novemba mwaka huo wakatolewa, na ligi ikaendelea na timu 17. Bingwa wa 2006 hakushushwa na magoli. Alishushwa na kukosa nauli.

Kiwanda chenyewe hakikuponea. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, Sony kikiwemo, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Awendo pekee. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ligi ya Kenya mwaka 2001 na 2002, kisha ikatoweka mwenye shamba alipoamua kuachana na soka. Hata hivyo, si lazima timu ya kiwanda ife. Kule Uholanzi, katika mji wa Eindhoven, wafanyakazi wa kampuni ya Philips, wale watengenezaji wa balbu na redio, waliunda klabu yao mwaka 1913. Ndiyo PSV ya leo, na herufi ya kwanza ya jina hilo ni ya Philips. Mwezi Mei 1988 walitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa kuwashinda Benfica kwa penalti. Mwaka 1997 Philips walihamishia makao yao makuu Amsterdam, na mwaka 2016 jina lao likaondoka kifuani mwa jezi. Klabu haikufa. Kwa miaka ile yote ilikuwa imejijengea mashabiki, ikauza wachezaji kwa bei nzuri na kujifunza kusimama kwa miguu yake. Mzazi alipoondoka, alimwacha mtu mzima.

Kwa mganga wa Kanyamwa

Sasa turudi Rongo tushike barabara ya Homa Bay. Njiani utafika Rodi Kopany, kituo chenye soko kubwa, ambapo njia moja inaelekea ziwani na nyingine Ndhiwa. Ukishika ya Ndhiwa utaingia Kanyamwa, nchi ya mtu aliyeitwa Gor.

Gor aliishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa mtawala wa watu wake na mganga aliyeogopwa. Masimulizi ya Wajaluo yanasema aliweza kujigeuza maumbo, na kwamba adui aliyekuja kumkamata alimpita bila kumtambua. Watu wakamwongezea jina la Mahia, maana yake maajabu. Mashabiki wanapoimba K'Ogalo, wanalitaja jina la ukoo wake, kana kwamba kila anayevaa jezi ya kijani amezaliwa katika boma lile.

Tarehe 17 Februari 1968, miaka mingi baada ya mganga huyo kuzikwa, timu mbili za Wajaluo jijini Nairobi, Luo Union na Luo Stars, ziliungana na kuwa moja. Wakachagua jina la Gor Mahia. Miongoni mwa wanaotajwa kuisukuma kazi hiyo ni Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wakati huo, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Mwaka huo huo wa kwanza timu ikashinda ligi ya taifa. Mboya hakuishi kuona mengi zaidi, kwani aliuawa kwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Kaburi lake liko Rusinga, na wageni wanaovuka kutoka Mbita hulizuru hadi leo.

Baadaye Luo Union walijitenga wakacheza kivyao, na wakawa mabingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1980 Rais Moi alipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe, majina ya timu nayo yakaingia mashakani. Luo Union wakajiita Re-Union. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Gor Mahia wakatafuta ujanja, wakasema O ni ya Olympic na R ni ya Rangers. Kama mganga mwenyewe, timu ikajigeuza umbo mbele ya askari, nao wakapita. Upepo ulipotulia, Gor akarudi kuwa Gor.

Siku ya maajabu

Mwaka 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, wakanyolewa bila maji na Canon Yaoundé wa Kameruni. Miaka minane baadaye wakarudi. Katika fainali ya 1987, ya kombe lililopewa jina la Nelson Mandela angali kifungoni, walikwenda Tunis wakatoka sare ya 2-2 na Esperance. Mechi ya marudiano ilichezwa mwezi Desemba katika uwanja wa Kasarani, uliokuwa umefunguliwa mwaka huo huo kwa Michezo ya Afrika. Peter Dawo akafunga, Esperance wakasawazisha, na filimbi ya mwisho ikalia 1-1. Magoli mawili ya ugenini yakawapa kombe vijana wa nahodha Austin Oduor. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara.

Gor pia amepitia njaa. Kutoka 1995 hadi 2013, miaka 18, hakuona taji la ligi. Mishahara imechelewa mara nyingi, viongozi wamegombana, na SportPesa walipoondoka mwaka 2019 Gor naye aliumia kama wengine. Tofauti ni kwamba yeye hakufutika. Hadi msimu wa 2023/24 alikuwa amefikisha mataji 21. Alibebwa na nani? Na yule mwenye kibanda anayefunga mapema Jumapili. Na mwanafunzi anayekusanya sarafu za tikiti. Watu hawa hawana kampuni wala bajeti, lakini hakuna anayeweza kuwakodisha kwa miaka 30.

Ziwani

Rudi Rodi Kopany, kisha teremka hadi Homa Bay. Kilima cha Asego kinausimamia mji kama mlinzi, na ziwa, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe, limetandaza maji yake hadi upeo wa macho. Ukifika adhuhuri, tafuta hoteli ya karibu na ufuo uagize ngege na ugali. Omena wameanikwa juani, na wanunuzi wanabishana na akina mama kuhusu bei.

Mjini hapa ndipo ulipo uwanja unaoitwa kwa jina la Raila Odinga, mlezi wa Gor Mahia kwa miaka mingi, aliyefariki Oktoba 2025. Juni 1 ya mwaka huo uwanja huu uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka. Shabiki wa Homa Bay aliyekuwa akipanda basi usiku kucha kwenda Nairobi kutazama timu iliyopewa jina la mganga wa kwao, sasa anaweza kuiona ikichezea nyumbani.

Uwanja mzuri ni baraka, lakini haumlei mchezaji. Awendo nao walikuwa na uwanja. Kilichopungua ni watu waliosema timu ni yetu kabla kiwanda hakijaanza kuyumba. Kaunti hizi mbili zina vijana wengi, shule zenye timu imara na wapenzi wa mpira wasiohesabika. Kinachotakiwa ni klabu zenye wanachama wanaolipa ada na kukagua hesabu, ili mfadhili awe mgeni anayekaribishwa, si baba anayengojwa alete unga.

Kwa familia inayotaka kwenda likizo hii, safari hii haihitaji mkoba mzito. Lala Homa Bay, kisha asubuhi nenda Ruma ukawaone korongo, swara ambao nchini Kenya hawaonekani mahali pengine. Ukiwa na siku zaidi, nenda Migori ukaone Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyojengwa bila udongo wala saruji na ambayo mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zile zimesimama kwa karne kadhaa kwa sababu kila jiwe limeegemea jingine. Wenye klabu za soka wangefanya vyema kwenda kuzitazama.